Kizazi kitolewe au abaki nacho?

Ana miaka 38. Miezi nane hedhi haikatiki, pedi hazitoshi, damu imepungua mpaka kaongezewa chupa mbili. Daktari kamwambia uvimbe umejaa, kizazi kitolewe. Mume swali lake moja tu: "Na mtoto wa pili?"

Njia zipo: kupasuliwa tumbo, kupitia ukeni, au matundu madogo. Yeye ni tumbo, maana uvimbe ni mkubwa. Hatari nazo akatajiwa: kuvuja damu, maambukizi, kibofu kujeruhiwa, damu kuganda miguuni.

Mawifi wakadakia eti akitolewa si mwanamke tena. Uongo! Ovari zikibaki, homoni zinaendelea kutoka.

Jana kasaini mwenyewe. Mume alikuwa nje kwenye benchi, kashika mfuko wa kanga zake, kimya.