Elimu ya Amali na Wanakijiji Tusiowauliza

Tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika kwa awamu, neno "amali" limekuwa midomoni mwa kila anayejihusisha na elimu nchini. Semina zinafanyika, karakana zinajengwa, viongozi wanakata utepe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Mimi ni miongoni mwa walioyapokea mabadiliko haya kwa furaha. Hata hivyo, katika mijadala yote niliyohudhuria nimesikia maswali matatu yakirudiwarudiwa: vifaa viko wapi, walimu wako wapi, fedha ziko wapi. Sijasikia mtu akiuliza wanaoishi jirani na shule wanajua nini.

Nilipewa sababu ya kulifikiria swali hilo mwezi Agosti mwaka juzi, nilipokwenda wilayani Mbinga kuwatembelea wanafunzi wetu wa ualimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Kazi hiyo ni ya kuchosha. Unakaa nyuma ya darasa na fomu yako, unatoa alama za andalio la somo, za matumizi ya ubao na za sauti, kisha unapanda pikipiki kwenda shule nyingine. Lakini mimi ni mtoto wa Ruvuma, na barabara zile za milimani hunifurahisha kuliko ofisi yoyote.

Msomaji asiyeifahamu Mbinga aelewe kwanza sura ya nchi yenyewe. Ni milima juu ya milima, na miteremko yake ni mikali kiasi kwamba mgeni hujiuliza mtu atalimaje pale bila kushuka na mvua. Wamatengo wamelima pale kwa vizazi vingi, na njia yao inaitwa ngoro. Mvua za masika zinapokaribia ukingoni, nyasi hufyekwa na kuachwa zinyauke. Kisha hupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, hadi mteremko mzima unakuwa kama wavu wa miraba. Baada ya hapo udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikwa juu ya zile nyasi. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta pande zote nne, maelfu kwa maelfu, kutoka kilele hadi bondeni. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mvua zikirudi mwishoni mwa mwaka hupandwa mahindi. Maji ya mvua hayapati njia ya kukimbia kwa sababu kila shimo huyakamata, pamoja na udongo yaliyoubeba, na nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa Kyoto, Japani, waliichunguza njia hii na kuiandikia kurasa nyingi. Msomi wa Japani alisafiri nusu ya dunia kuja kuyatazama mashimo haya.

Sasa sikiliza nilichokiona. Katika sekondari moja ya kata, ambayo sitaitaja, somo la Kilimo hufundishwa, na shule ina shamba la ekari mbili hivi kwenye mteremko nyuma ya madarasa. Matuta ya shamba hilo yalikuwa yamepimwa kwa kamba, yamenyooka kama mistari ya daftari, ila mlima wenyewe haukuwa umenyooka. Mvua za msimu uliopita zilikuwa zimeyavunja sehemu nyingi, na palikuwa na makorongo mawili ambayo mtoto wa kidato cha kwanza angeweza kujificha ndani yake. Ng'ambo ya njia ya miguu, hatua hamsini tu, lilikuwapo shamba la ngoro la mwanakijiji. Mteremko ni ule ule na mvua ni ile ile, lakini udongo wake ulikuwa haujasogea. Ndani ya darasa, mwanafunzi wangu alikuwa akifundisha mmomonyoko wa udongo, akichora ubaoni mchoro alioutoa kitabuni. Wanafunzi walinakili mchoro. Dirisha lilikuwa wazi.

Simlaumu kijana yule, kwani alifundisha kama muhtasari ulivyomwelekeza, nasi ndio tuliomwandaa. Wala simlaumu mwalimu wa Kilimo, mtu mwema kutoka mkoa mwingine, aliyekuwa na vipindi vingi kuliko saa zilizopo. Nilipomuuliza kwa nini shamba halilimwi ngoro, alinijibu kwa uaminifu kwamba hajui kuilima na kwamba haimo katika mtihani. Hapo alikuwa amenieleza mfumo mzima kwa sentensi moja.

Siku iliyofuata palikuwa na mkutano wa wazazi, nami nikaomba kukaa nyuma. Agenda zilikuwa nne: kufungua kikao, taarifa ya matokeo, michango, na mengineyo. Ya michango ilichukua karibu saa mbili. Kila kaya ilitakiwa kuleta mchanga na mawe kwa ajili ya choo kipya, na asiyeweza atoe fedha. Sioni ubaya wa jambo hilo, maana sekondari hizi za kata zilisimama kwa migongo ya watu namna hiyo hiyo. Wanaume ndio waliozungumza sana. Kwenye mengineyo, watu wakiwa wameanza kusimama, mama mmoja wa makamo aliomba nafasi. Aliamkia, akashukuru, kisha akasema, "Mkuu wa shule, mchanga tutaleta. Lakini udongo wa shamba la shule unatufuata mabondeni kila masika, unafukia bustani zetu. Kwa nini hamkutuita tuwaoneshe watoto?" Kikao kilicheka kidogo. Mwenyekiti akasema hoja imepokelewa, na kikao kikafungwa kwa sala.

Nimeifikiria sana kauli ile. Kwa desturi ya Wamatengo, kufyeka na kupanga nyasi ni kazi ya wanaume, na kuuchimba udongo ni kazi ya wanawake, kwa hiyo mwenye utaalamu wa sehemu ngumu zaidi alikuwa yule aliyepewa dakika mbili za mwisho. Tunaposema "ushirikishwaji wa jamii", maneno tunayoyaandika katika kila andiko la mradi, tunamaanisha mgongo na mfuko. Kichwa hatukiiti.

Wala hili si jipya. Mwalimu Nyerere alilieleza katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Alilalamika kwamba shule tulizorithi zilimfundisha mtoto kuamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni au kwa waliosoma, na kuudharau ujuzi wa wazee wake. Alitaka shule iwe na shamba, na, jambo tulilolisahau haraka zaidi, alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua walime nini na mapato yatumikeje. Mapema miaka ya 1970, Chuo cha Ualimu Korogwe kilijaribu wazo hilo katika shule ya Kwamsisi, Handeni, ambako kijiji na shule vilijaribu kuwa kitu kimoja na wanakijiji wakashiriki kufundisha. Lakini mahali pengi nchini kilichobaki ni jembe bila uamuzi. Walio na umri wangu wanakumbuka: shamba la shule lilikuwa mahali pa kutumikia adhabu, uchelewe namba upewe robo eka ya kupalilia, na mavuno yalikoenda hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuuliza. Kizazi kilichopitia hayo kimekua, na sasa ni wazazi.

Kwa hiyo nisije nikajifanya kwamba wanakijiji wote wanasubiri kwa hamu kuitwa. Baada ya mkutano ule, mzee mmoja tuliyekuwa tukitembea naye alinikatiza. "Mwalimu," alisema, "mimi jembe ninalo nyumbani. Mtoto nimempeleka shule aliepuke, ninyi mnataka kumrudishia?" Anayelidharau swali hili hajui nchi yake. Mzee anaona kwamba sisi tunaoandika sera za vitendo tunawapeleka watoto wetu kwenye shule za kulipia, wakazungumze Kiingereza na wasishike hata ufagio. Mkondo wa amali ukigeuka kuwa njia ya watoto wa maskini, na wa jumla ukabaki wa watoto wetu, mzee atakuwa amesema kweli na sera itakuwa imesema uongo.

Jibu nililompa, na ninalolishikilia hadi leo, ni kwamba inategemea kazi ya mikono inafundishwa pamoja na nini. Ndani ya ngoro kuna hesabu ya pembe na eneo, kuna fizikia ya maji yatembeayo, kuna kemia ya nyasi zinazooza, na kuna historia ya watu walioshika milima wakaifanya ilishe. Mwanafunzi anayechimba shimo moja, akapima udongo ulionaswa baada ya mvua tatu, akalinganisha na tuta la kamba, amefanya sayansi kwa ukamilifu kuliko aliyenakili mchoro wangu au wa mtu mwingine. Anayechimba tu kwa sababu amechelewa namba hajajifunza chochote, na baba yake ana haki ya kukasirika. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakuniambia kama amekubali.

Nawaelekea sasa ndugu zangu watumishi wa halmashauri, kwa kuwa najua mnasoma ukurasa huu. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa anachokiweza, akapewa cheti. Kama seremala aliyefundishwa na mjomba wake chini ya mwembe anaweza kutambuliwa hivyo, kwa nini shule isimtambue mama wa ngoro, mvuvi wa Nyasa au mfinyanzi kuwa mkufunzi wa vipindi kadhaa kwa muhula, kwa posho ndogo inayojulikana, si kwa soda? Kamati na bodi za shule zipo kisheria. Zipeni kazi ya kupendekeza kifundishwe nini katika vitendo, si kukusanya mchanga tu. Na daftari la mapato ya shamba lisomwe mbele ya wanafunzi, kwa maana wao ndio waliolima.

Machi iliyofuata nilipata taarifa kutoka kwa yule mwalimu wa Kilimo. Alikuwa amepewa kipande cha robo eka na mkuu wa shule, akamwita yule mama pamoja na shemeji yake mwenye nyengo kali, nao wakafanya kazi na kidato cha pili kwa siku nne. Picha alizonitumia zinaonyesha wasichana na wavulana wakichimba pamoja, jambo ambalo mama, aliniambia, alilipinga kwanza kisha akalicheka. Walipanda maharage. Mwalimu alitaka ushauri wangu katika jambo moja tu: kwenye fomu ya alama za maendeleo hakuna mahali pa kuiandika kazi ile, wala pa kuandika jina la aliyeifundisha, na ofisi aliyoiuliza ilimwambia aiache wazi. Nilimshauri aandike yote mawili kwenye safu ya maoni, na anitumie nakala.