Kolwezi: Fedha Zilipotangulia Kura

Barabara ya kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni ya malori. Ni mwendo wa kilomita 300 hivi, kupitia Likasi na Fungurume, na karibu kila lori tulilopishana nalo lilibeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, au magunia makubwa meupe ya kobalti. Yaliyoelekea upande wetu yalipeleka asidi ya salfa kwenye viwanda vya migodini. Namba zilikuwa za Zambia, za Tanzania, za Afrika Kusini. Mzigo ule huvuka mpaka Kasumbalesa, kisha hutawanyika kwenda Dar es Salaam, Durban na kwingineko. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa hutoka ukanda huu nilioukanyaga kwa mara ya kwanza. Swali nililotoka nalo nyumbani likazidi kunibana: utajiri huu ukishaondoka, hubaki nini, na nani huamua?

Nyumbani kwangu ni Kwale, pwani ya Kenya. Kwetu ilichimbwa titani. Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi penye mgodi. Wakati huo ugatuzi ulikuwa umeshakaa vizuri. Tulikuwa na gavana tuliyempigia kura, bunge la kaunti, na wawakilishi wa wadi tunaoweza kuwabishia mlango. Kilichokawia ni fedha za mrabaha. Tulizingoja mwaka baada ya mwaka, na uchimbaji wenyewe ukakoma Desemba 2024. Kwa hiyo niliposikia kwamba nchini Kongo kampuni za migodi huilipa komini, yaani serikali ya mtaa, moja kwa moja, nilitaka kwenda kuona.

Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya kiangazi baridi yake humshangaza mtu wa pwani. Mji umezungukwa na vilima vya kifusi cha madini. Mitaa ya zamani ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ambayo mali zake zilitaifishwa na hatimaye zikawa Gécamines. Kwa miongo mingi, kampuni ndiyo iliyokuwa serikali hapa: nyumba yake, hospitali yake, shule yake, hata gunia la unga la mwisho wa mwezi. Gécamines ilipoanguka miaka ya 1990, watu walibaki bila mwajiri na bila serikali kwa wakati mmoja. Jambo hilo tunalisahau tunapouliza kwa nini wanaume wengi walishika sururu wakaenda kuchimba wenyewe.

Katiba ya Februari 2006 iliahidi kuigawa nchi katika majimbo 26, Kinshasa ikiwemo. Ahadi ilitimia 2015: Katanga ikakatwa vipande vinne, yaani Haut-Katanga, Haut-Lomami, Tanganyika na Lualaba, na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Si mara ya kwanza. Jimbo la Lualaba liliwahi kuwepo tangu mwaka 1963 hadi Rais Mobutu alipoyapunguza majimbo. Wapo waliosema mgawanyo wa 2015 ulilenga kumnyong'onyeza Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga tangu 2007. Huenda. Lakini lami mpya na majengo mapya ya serikali niliyoyaona Kolwezi hayakuletwa na hotuba. Yaliletwa na jimbo lenye hazina yake, chini ya gavana Richard Muyej kwanza, kisha Fifi Masuka.

Hazina hiyo ilipata nguvu Machi 2018, sheria ya madini iliporekebishwa. Mrabaha wa shaba ni asilimia 3.5, wa kobalti, iliyotangazwa mwaka huohuo kuwa madini ya kimkakati, ni asilimia 10. Katika kila dola 100 za mrabaha, 50 huenda serikali kuu, 25 jimboni, 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa mamlaka ya mahali penye mgodi: komini, sekta au utawala wa chifu. Sheria ya zamani nayo ilitaja jimbo na mamlaka ya chini, ila fedha zilipitia Kinshasa kwanza, na za kurudi zilikuwa chache. Sasa kampuni hulipa kila fungu kwenye akaunti yake. Mabadiliko hayo ya njia ya malipo, kwa maoni yangu, yamefanya mengi kuliko vifungu vyote vya ugatuzi vilivyotangulia.

Ila nani anazilinda fedha hizo? Mji wa Kolwezi una komini mbili, Dilala na Manika. Kwa miaka mingi mabugumesta, yaani wakuu wa komini hizo, waliteuliwa kutoka juu, hakuna baraza lililochaguliwa na wakazi. Washauri wa komini walipigiwa kura Desemba 2023 tu, tena katika baadhi ya komini za nchi. Sekta na machifu hawakuwemo. Maana yake, kwa zaidi ya miaka mitano fedha ziliingia pasipo mtu aliyechaguliwa na wananchi kukagua daftari. Mama mmoja anayeuza samaki sokoni alinieleza kwa Kiswahili cha kwao, ambamo makuta ni pesa: "Makuta inafikaka ku komini, ile tunajua. Kisha pale, atujue tena." Nilimuuliza kama amewahi kuona hesabu imebandikwa mahali. Akasema, "Hapana, yaya, apana hata siku moja," akaendelea kupanga samaki wake.

Nilipita pia kando ya ukuta wa Kasulo. Mwaka 2014 mkazi mmoja aligundua kobalti chini ya nyumba yake, na mtaa mzima ukageuka mashimo. Mwaka 2017 jimbo lilihamisha kaya, likazungushia eneo ukuta, na ununuzi wa madini yake ukakabidhiwa kampuni moja. Uamuzi ulichukuliwa karibu na wananchi, hapohapo Kolwezi, na bado wengi wao hawakuhisi kuwa ni uamuzi wao. Ukaribu wa ofisi hautoshi.

Tena ile asilimia 15 ya mrabaha hufuata mgodi. Kaskazini mwa jimbo, Kapanga, iliko Musumba, makao ya Mwant Yav mfalme wa Walunda, hakuna migodi mikubwa ya shaba, hivyo fungu hilo haliwahusu wakazi wake. Wao wangepaswa kunufaika na kifungu cha 175 cha Katiba, kinachoyapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe palepale yanapokusanywa. Hadi leo Kinshasa hukusanya kwanza, kisha hurudisha kidogo, kwa wakati wake. Na rungu kubwa bado liko huko: Februari 2025 serikali kuu ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, ukafunguliwa Oktoba kwa mgawo. Bei ilikuwa imeanguka, na sababu ilieleweka. Lakini kobalti isipouzwa, mrabaha wake hauingii, na si komini iliyoulizwa.

Sisi wa Kwale tulipata kura kabla ya fedha. Wenzetu wa Kolwezi walipata fedha kabla ya kura. Ningewaomba wabunge wa Kinshasa wamalize walichoanza: uchaguzi ufike kwenye sekta na tawala za machifu, na asilimia 40 ikatwe kama Katiba ilivyoandika. Na washauri wa Dilala na Manika wabandike mlangoni mwa komini, kwa Kiswahili, kila kiasi kilicholipwa na kila mgodi na kazi iliyofanywa nacho. Hilo la mwisho halihitaji sheria mpya wala ruhusa ya Kinshasa.