Boga la Dola Nne

Mpenzi msomaji, kabla hujanicheka, hebu nikuulize. Mwanao wa miaka minane akikuomba boga, si la kupika bali la kutobolewa macho na mdomo, litiwe taa na kuwekwa mlangoni, utamjibuje? Mimi nilimwambia kwamba kwetu chakula hakichezewi.

Hiyo ilikuwa Oktoba 2018, hapa Peoria, jimbo la Illinois, Marekani, ninakofanya kazi ya usiku ya kuwatunza wazee. Jioni ya tarehe 31 Oktoba, siku waiitayo Halloween, watoto huvaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Desturi hii ilitoka Ireland, ambako watu walichonga tanipu. Walipohamia huku wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga, nani tena angehangaika na tanipu?

Kitinda mimba wangu aliniambia kwamba mlango usio na boga watoto huupita tu. Mwaka uliotangulia walitupita. Basi moyo ukalainika, ingawa mfukoni nilikuwa na dola 20 za kunifikisha Ijumaa, petroli ikiwa humo humo.

Nikakimbilia rundo la bei ya chini nje ya duka, nikatoa dola tatu, nikabeba boga kwa kikonyo kama mtu abebaye birika. Siku ya tatu chini likawa uji, nzi wakajaa kibarazani. Mtoto alilia. Nami nilikasirika, msomaji, kwa sababu dola tatu ni mkate na maziwa.

Mama jirani, mzee aliyekulia shambani, ndiye aliyenifundisha. Tulikwenda kwa mkulima nje ya mji, kwa kuwa Illinois ndiyo inayoongoza Marekani kwa kilimo cha maboga. Alibonyeza kitako cha kila boga kwa kidole gumba, likibonyea, aliliacha. Aliligonga asikie kama linalia kama ngoma. Kikonyo alikitaka kigumu, chenye ubichi, na wala hakukishika kulinyanyulia, maana kikikatika uozo huingilia hapo. Mwisho alilikalisha chini aone kama linatulia. Tulilipa dola nne.

Visu maalumu vya dukani sikununua. Kisu kidogo chenye meno, kijiko kikubwa na kalamu vilitosha. Kifuniko ukikate kwa kulaza kisu kuelekea ndani, la sivyo kitatumbukia. Upande wa sura uukwangue hadi ubaki unene wa inchi moja hivi, ndipo uchore, kisha utoboe, kisu akishika mtu mzima. Kingo nilizipaka Vaseline zisinyauke upesi. Na usichonge mapema; siku moja au mbili kabla yatosha. Mshumaa niliukataa nikaweka tochi ndogo, kwa kuwa mavazi ya watoto hushika moto haraka.

Nyama tuliyokwangua sikuitupa. Maboga haya ya kuchonga yana maji mengi na si matamu kama malenge ya nyumbani, lakini nilichemsha, nikaponda pamoja na viazi na mahindi, tukala siku mbili. Mbegu tuliziosha, tukazikausha, tukazitia chumvi na kuzioka hadi zikawa rangi ya kahawia.

Usiku ule walikuja watoto wengi hata peremende zikatuishia.

Jumapili nilimpigia mama simu, nikamsimulia huku nikiogopa. Ukame wa 1984 nilikuwa darasa la pili, na kabla ya mahindi ya manjano kutufikia, ni malenge ya mama yaliyotuvusha, kipande kwa kipande.

Alinyamaza kitambo.

"Mmelitoboa macho?"

"Ndiyo, mama."

"Na mbegu? Mlizitupa?"

Nikamwambia tulizioka, mjukuu wake akala zaidi ya nusu.

"Haya," akasema. "Mwaka ujao mwachie chache azipande."