Kokoto Zetu, Gari la Jirani

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 20, na katika miaka hiyo nimewauliza majeruhi wengi swali moja: "Ilikuwaje?" Karibu wote huanza kwa kumtaja mtu mwingine. Dereva alikuwa anakimbia, mwenye baiskeli hakuwa na taa, mtoto alikatiza ghafla. Mimi huandika tu kwenye karatasi yangu na kuendelea na kazi. Sikujua kwamba zamu yangu ikifika nami nitafanya vivyo hivyo, tena bila haya.

Ilikuwa Aprili 2022, hapa Morogoro, mvua za masika zikiendelea. Mimi na baba watoto tulikuwa tunajenga vyumba viwili vya uani, kimoja cha mama mkwe wangu na kingine cha kupangisha ili kitusaidie ada za watoto. Ninyi mnaojenga kidogo kidogo mnanielewa: mwezi huu mifuko mitano ya saruji, mwezi ujao nondo, mwezi wa tatu hakuna kitu. Siku ya Ijumaa alasiri likafika lori na tripu moja ya kokoto. Geti letu ni jembamba. Dereva akatoa kichwa dirishani akauliza, "Mama, nimwage wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono pale nje ya ukuta. Akamwaga, nikamlipa, akaondoka.

Lundo lile lilichukua karibu nusu ya barabara. Vibarua waliingiza ndani kama toroli kumi, mvua ikaanza, wakaomba ruhusa waondoke. Nikawaambia, "Basi, kesho." Mimi nilikuwa nawahi kikao cha kamati yetu ya kutembelea wagonjwa kanisani. Nililipita lundo lile wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, nikiinua sketi yangu nisichafuke. Mara zote mbili sikufikiria chochote zaidi ya sketi.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Saa nne usiku tukasikia kishindo, kisha sauti ya kioo kikipasuka, kisha kimya. Hicho kimya ndicho kilichoniinua kitandani.

Alikuwa ni Mwalimu, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa anatoka stendi kumpokea mama mkwe wake ambaye basi lake lilichelewa. Gari lilikuwa limepanda juu ya kokoto upande wa kushoto, pua imebonyea, maji yanachuruzika chini. Bibi alikuwa amejigonga kichwa na damu ilikuwa inamtoka juu ya nyusi. Nikamwingiza ndani kwangu, baba watoto akanishikia tochi, nikasafisha jeraha na kulifunga. Bibi alikuwa anaongea vizuri na hata kutania, lakini niliwaambia apelekwe hospitali usiku uleule. Mtu mwenye umri ule akigonga kichwa usiridhike kwa sababu tu anaongea. Na kwa kuwa mtu alikuwa ameumia, ilibidi polisi wajulishwe na ichukuliwe fomu ya PF3. Hayo yote niliyasema kwa utulivu kabisa, kama Sista wa zamu. Kisha, huku mikono yangu ikiwa bado na damu ya mkwe wake, nikamgeukia yule baba nikamwuliza, "Mwalimu, ulikuwa unakimbia?"

Akanitazama. "Sista," akasema, "katika mtaa huu nani anaweza kukimbia?"

Bibi alishonwa nyuzi nne. Gari likavutwa hadi gereji, na Jumatatu fundi akaandika orodha: rejeta, bampa la mbele, taa ya kushoto, rimu moja, na kunyoosha bodi. Jumla yake pamoja na ufundi ilikuwa shilingi 620,000. Mwalimu hakuja kugombana. Alimtuma mtoto wake alete karatasi ile, ikiwa imekunjwa vizuri, bila neno lolote. Ningefadhali kama angekuja kugombana.

Usiku ule mimi na mume wangu tulikaa mezani tukaanza kujitetea, ingawa hakukuwa na aliyetushitaki. Tulisema mwenye lori ndiye aliyemwaga. Tukasema dereva mwangalifu angeliona lundo kubwa namna ile. Tukasema kokoto zilikuwa mbele ya nyumba yetu wenyewe. Mwisho tukasema gari lina bima, basi bima ilipe. Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mabati, na mabati yalikuwa yanapanda bei kila tulipouliza. Nataka mjue hilo, maana si kwamba tulikuwa watu wabaya. Tulikuwa watu wenye vyumba viwili visivyo na paa.

Katika umoja wetu wa wanawake kuna mama mmoja ambaye ni wakili. Jumapili baada ya ibada nikamvuta pembeni nikamweleza. Nakiri kwamba nilimtafuta anipe maneno ya kumjibu Mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuniondolea ngao zangu moja moja.

"Dereva wa lori alimwaga wapi?" akaniuliza. Nikasema, pale nilipomwonyesha. "Basi ni mkono wako uliomwaga." Kuhusu mbele ya nyumba akasema kwamba kiwanja chetu kinaishia kwenye bikoni. Barabara ni njia ya watu wote, hata kama mimi ndiye ninayeifagia kila asubuhi. Akaniambia kuwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayeacha mali iliyo chini yake ilete hatari au kizuizi katika njia ya watu wote. Hiyo ni jinai. Lakini hata pasipo jinai, aliyeumia au kuharibiwa mali anaweza kufungua madai ya fidia kwa uzembe, na muda wake ni miaka 3 tangu siku ya tukio. Kwa hiyo, kunyamaza tukitumaini kwamba Mwalimu atasahau hakungetusaidia upesi.

Kuhusu bima, nilijifunza jambo ambalo kila mama mwenye gari nyumbani anapaswa kulijua. Mwalimu alikuwa na bima ndogo, ile ambayo sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo. Bima hiyo hulipa madhara ambayo gari lako limewafanyia wengine, wala haitengenezi gari lako. Kama angekuwa na bima kubwa, kampuni ingemlipa, kisha ingekuwa na haki ya kuja kugonga geti letu kudai ilichotoa. "Kwa njia zote mbili," akasema yule dada, "wanafika kwenu."

Ndipo akanisimulia habari ambayo sikuitegemea kutoka kwa wakili. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja aliyeitwa May Donoghue alinunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake. Alidai kwamba chupa ilikuwa na konokono aliyeoza, akaugua, akamshitaki mtengenezaji ingawa hakuwahi kununua kitu kwake. Shauri lilifika London mpaka mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1932 jaji aliyeitwa Lord Atkin akaeleza msingi ambao mpaka leo mahakama zetu zinautumia, kwa kuwa tulirithi sheria nyingi za Uingereza. Jaji yule alianzia kwenye swali ambalo mwanasheria alimwuliza Bwana Yesu, la jirani yangu ni nani. Jibu lake la kisheria ni kwamba jirani yako ni yule ambaye ungepaswa kumfikiria kabla ya kutenda, kwa sababu tendo lako linaweza kumdhuru. Mimi nimefundisha mfano wa Msamaria mwema kwa watoto wa shule ya Jumapili mara nyingi. Kila mara nilijiona upande wa Msamaria, kwa sababu ndiye mwenye mafuta na vitambaa vya kufungia vidonda.

Hata hivyo hakuniacha bila kitu. Alisema dereva naye ana wajibu wake: aendeshe kwa mwendo ambao taa zake zinamruhusu kusimama. Mahakama ikiona pande zote zina kosa, inaweza kupunguza fidia kulingana na sehemu ya kosa la mdai. Basi tulipokaa kwa mwenyekiti wa mtaa, Mwalimu mwenyewe, bila kuulizwa, akasema taa yake ya kushoto ilikuwa haiwaki tangu wiki iliyopita. Angeweza kulificha, maana taa yenyewe ilikuwa imeshavunjika. Mume wangu akainamisha kichwa.

Tukakubaliana: Mwalimu abebe 120,000, sisi tulipe 500,000 kwa awamu tatu, pamoja na gharama zote za matibabu ya Bibi. Iliandikwa hati nakala mbili, tukatia sahihi mbele ya mwenyekiti. Yule wakili alikuwa amenisisitizia hilo. Mapatano ya mdomo kati ya majirani huanza vizuri, kisha mmoja anakumbuka mia tano na mwingine mia tatu.

Nitaje na jambo jingine, kwa ufupi. Si kila kilichoko barabarani kina mwenyewe wa kumfuata. Shimo la barabara ya mtaa liko chini ya TARURA, wakala iliyoanza kazi mwaka 2017, na anayetaka kuidai serikali au taasisi yake mahakamani hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Lakini hebu tembea katika mtaa wako jioni moja uhesabu vilivyowekwa na watu: mawe ya kuzuia magari yasiegeshe, matuta ya kienyeji, matofali, gogo la mwembe uliokatwa tangu Krismasi, turubai la sherehe lisilo na kibali wala taa. Wengine tunaweka tawi la mti juu ya lundo na kudhani tumemaliza. Tawi halionekani gizani.

Bibi alikaa kwa Mwalimu wiki tatu. Siku ya kumtoa nyuzi nilimfuata kule nyumbani, kwa ruhusa ya daktari wake. Nilikuwa bado sijaomba msamaha kwa maneno yangu mwenyewe. Fedha tulikuwa tumeanza kulipa, ila maneno yalikuwa hayajatoka. Nikiwa nimeshika mkasi nikamwambia, "Bibi, zile kokoto ni mimi niliyesema zimwagwe pale. Na usiku ule nilimsingizia mkweo."

Akasema, "Tulia kwanza, usije ukanikata." Kisha akaniuliza kama nimesoma Kutoka sura ya 21, kule kuelekea mwisho. Nikasema nimesoma, ila sikukumbuka. Akanieleza bila kufungua kitabu: mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia humo, mwenye shimo atamlipa mwenye mnyama, na yule mnyama aliyekufa atakuwa wake. "Kwa hiyo," akasema, "mzoga ni wenu."

Nilidhani ni utani wa kizee. Lakini tulipomaliza awamu ya tatu, mwezi Julai, Mwalimu alikuja jioni na kijana wake wakisukuma toroli. Ndani yake mlikuwa na rejeta iliyotoboka na bampa lililokatika vipande viwili. "Mama mkwe amesema nilete," akasema, akakataa kabisa kuvirudisha. Tulicheka sana, na yeye akala ugali kwetu kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Vyumba vimeezekwa mwaka uliofuata. Mchanga wa kupiga plasta tuliununua nusu tripu nusu tripu, ukaja na gari dogo linaloingia getini. Gharama iliongezeka kidogo. Rejeta tuliiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini bampa bado liko nyuma ya banda, na kuku wangu mmoja amelifanya mahali pake pa kutagia.