Pima Ua Kabla ya Kupima Mbwa

Jioni moja ya mwaka 2016, koplo mmoja wa polisi alirudi katika kambi yao, nje kidogo ya mji wa Kampala, akiwa amekumbatia boksi la sabuni kana kwamba amebeba mayai. Watoto wake watatu walimkimbilia, na mama yao akatoka jikoni akifuta mikono kwa leso. Ndani ya boksi mlikuwa na mtoto wa mbwa, mweusi mgongoni, wa kahawia miguuni, ambaye masikio yake yalikuwa bado hayajasimama. Alikuwa wa ile jamii ya mbwa wachungaji wa Kijerumani ambao wengi huwaita Jamani Shepadi. Koplo alikuwa amemnunua kwa akiba ya miezi mitano.

"Baba watoto," mkewe alisema baada ya kimya kirefu, "atalala wapi?"

Koplo alicheka, akajibu kwamba mbwa hana haja ya kitanda. Hakutambua kuwa swali hilo ndilo ambalo angalipaswa kujiuliza kabla hajatoa hata shilingi moja.

Tamaa yake haikuwa ngumu kuelewa. Kwa miaka mingi alikuwa amewaona mbwa wa polisi kazini, wakikaa kwa neno moja na kuinuka kwa neno jingine, na moyoni mwake alitamani awe na mmoja wa namna hiyo mlangoni pake. Lakini alichokiona ni mbwa aliyekwisha kufundishwa. Hakuiona miezi ya mafunzo, wala yule askari anayeshinda na mbwa wake siku nzima na kulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Naye koplo alikaa katika nyumba ya vyumba viwili, iliyopakana ukuta kwa ukuta na ya jirani, na ua wa kuanikia nguo ulitumiwa na jamaa sita bila ugo wowote.

Kila jamii ya mbwa ina historia yake, na historia hiyo haifutiki kwa sababu mbwa amehamia mahali pengine. Mnamo mwaka 1899, ofisa mmoja wa jeshi wa Ujerumani, Max von Stephanitz, alinunua mbwa aliyempendeza katika maonyesho, na mwaka huohuo akashiriki kuanzisha chama cha kumtunza na kumkuza mbwa mchungaji wa nchi yake. Nia yake ilikuwa kupata mnyama mwenye akili na nguvu za kutembea na kundi la kondoo tangu asubuhi hadi jioni. Dume wa jamii hiyo akikomaa huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40. Mnyama aliyekuzwa kwa kazi ya kutwa hawezi kufungwa kutwa nzima na bado akawa mpole.

Hilo ndilo lililotokea kambini. Mtoto wa mbwa alipofikisha miezi minane alikuwa akila sufuria ya posho kila siku, pamoja na mukene ambao mama wa nyumba alikuwa ameununua kwa ajili ya watoto. Koplo alitoka saa kumi na mbili alfajiri, na zamu ya usiku ilipomfikia alilala mchana. Hapakuwa na mtu wa kumtembeza mbwa. Alifungwa kwa mnyororo kwenye mparachichi, akauzunguka mti hadi udongo ukawa mtupu, na usiku akabweka kila kivuli kilichopita. Askari waliotoka lindo hawakupata usingizi.

Jirani wa ukuta wa pili alikuwa sajini, Mwislamu, mwenye mke na mtoto wa kiume wa miaka sita. Kwa madhehebu yao, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mama wa nyumba ile hakulalamika hata siku moja. Alihamisha tu ndoo zake za maji na kamba yake ya nguo, akaziweka mbali. Koplo aliuona upole huo akadhani ni ridhaa.

Siku ya Jumapili, mpira wa watoto ulibingirika hadi chini ya mparachichi, na mtoto wa sajini akaufuata. Mbwa alimrukia na kumng'ata mkono. Mke wa koplo ndiye aliyefika kwanza. Alimvuta mtoto, akamwoshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa robo saa, kama alivyowahi kufundishwa zahanati, kisha akamfunga mtoto mgongoni na kukimbia naye hospitali.

Jioni ile daktari wa mifugo aliuliza jambo moja tu: "Mbwa huyu amechanjwa?" Koplo alinyamaza. Mtoto wa mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa afikapo miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kadiri daktari anavyoelekeza. Koplo aliyajua hayo, lakini mwezi ule fedha ya chanjo ilikuwa imenunua mnyororo.

Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, takriban hakuna anayepona. Kinga ni kuosha jeraha mara moja na kuchomwa sindano mapema, bila kungoja dalili. Mtoto alianza sindano siku ileile. Mbwa alitengwa ili aangaliwe kwa siku kumi, maana mbwa aliyekuwa na ugonjwa huo mateni wakati wa kuuma hudhihirika kabla ya siku hizo kwisha.

Koplo alikwenda kwa jirani yake usiku, akasimama mlangoni kama askari aliyeitwa kwa makosa. "Afande, nimekuja kuomba radhi."

Sajini alimtazama kwa muda. "Radhi nitakupa siku mwanangu atakapokuwa salama," alisema. "Sasa kaa, unywe chai."

Koplo alikunywa chai ile bila kuonja utamu wake. Siku kumi zilipita nyumba mbili zikihesabu pamoja. Mbwa alibaki mzima, na mtoto akamaliza matibabu kama hospitali ilivyoagiza.

Ndipo alipoitwa mzee mmoja mstaafu, aliyewahi kufundisha mbwa wa ulinzi. Mzee hakumkaribia mbwa. Alichuchumaa kando, akautazama mnyororo, akautazama udongo uliochimbika kuzunguka mti. "Mwanangu," alimwambia koplo, "mbwa huyu si mbaya. Ni mwanafunzi mwenye akili aliyefungiwa nje ya darasa. Ulimpima mbwa, hukupima ua."

Kisha akaeleza yale ambayo mtu hujiuliza kabla ya kuchagua. La kwanza ni mahali: je, kuna ugo, kivuli, na nafasi ya kukimbia? La pili ni muda: nani atakuwa naye kila siku, hata zamu inapobadilika au uhamisho unapokuja? La tatu ni fedha, kwa maana bei ya kununua ni ndogo kuliko ya chakula, chanjo, dawa ya minyoo na ya kupe. La nne ni ujuzi: je, mtu huyo amewahi kulea mbwa mwepesi kabla ya kujaribu mgumu? La tano ni jirani, kwa kuwa mbwa wa kambini ni wa mmoja kwa jina, lakini sauti yake ni ya wote.

Mke wa koplo aliuliza, "Basi, Mzee, kuna jamii ya mbwa isiyo na taabu?"

"Hakuna, mama. Kuna taabu unayoiweza na usiyoiweza." Mzee alitoa mifano. Malinois wa Ubelgiji, ambaye majeshi mengi humtumia, hutaka kazi hata kuliko mchungaji wa Kijerumani, na katika mikono ya asiyejua huwa shida kubwa zaidi. Katika mbuga ya Virunga, nchini Kongo, walinzi wamekuwa wakitumia mbwa wa kunusa wenye masikio marefu, waitwao bladihaundi, tangu mwaka 2011, ili kufuata nyayo za majangili; pua ile ni hazina porini, lakini uani ingemvuta mbwa barabarani kila siku. Huko huko Kongo ndiko alikotoka basenji, mbwa mdogo wa kuwinda mwenye uzito wa kilo kumi hivi. Kwa kuwa habweki kama mbwa wengine, wawindaji walimfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo. Amtakaye kwa sababu ya ukimya wake na akumbuke kwamba mwizi naye atapenda ukimya huo.

Yule mchungaji wa Kijerumani alipelekwa kwa mkulima mmoja wa kahawa mwenye shamba lenye ugo na uzoefu wa mbwa wakubwa. Koplo alimweleza waziwazi kwamba mbwa alikwisha kuuma mtu. Alipomtembelea miezi sita baadaye, alimkuta akifuata nyayo za bwana wake kati ya mibuni, bila mnyororo. Koplo alifurahi na kuona haya kwa wakati mmoja.

Mwaka mmoja ulipita kabla watoto hawajathubutu kuomba mbwa mwingine. Safari hii koplo alianza kwa kubisha mlango wa sajini na kuomba ruhusa. Mama wa watoto ndiye aliyechagua: jike wa kienyeji, mwembamba, mwenye rangi ya mchanga, mtoto wa mbwa mtulivu aliyelelewa kijijini kwa bibi yao, katikati ya watoto na kuku. Alichanjwa kwa wakati wake, akafungwa uzazi, akajengewa banda nyuma ya jiko, mbali na ndoo za jirani. Mtoto mkubwa alipewa zamu ya kumtembeza asubuhi, na baba yake jioni. Hujua kubweka mgeni na kunyamazia mwenyeji, na kwa nyumba ile hilo latosha.

Makonstebo vijana humwuliza koplo ni wapi alipompata yule mbwa wa kwanza, mwenye sifa. Yeye huwajibu kwa lile swali la mkewe.

Mtoto wa sajini amekua, na alama za meno zingali mkononi mwake. Siku nyingine humtupia yule jike kipande cha muhogo, akiwa amesimama mlangoni kwao. Bado hajamkaribia, wala hakuna anayemhimiza.