Yu Yang aliaga, kisha akarudi

Wasee, mnapenda kuniuliza nitarudi chuo lini. Leo acha niwaambie kuhusu Yu Yang, Mchina wa badminton.

Beijing 2008 alishinda dhahabu ya wanawake wawili wawili na Du Jing. 2010 na 2011 akawa bingwa wa dunia. Halafu ikaja London 2012. Yeye na Wang Xiaoli walikuwa washafuzu robo fainali, na wakipoteza mechi ya mwisho ya kundi hawangekutana na Wachina wenzao mpaka fainali. Basi wakawa wanagonga kinyoya kwenye wavu makusudi. Wakorea waliokuwa upande wa pili pia. Mashabiki wakazomea. Kesho yake wachezaji 8 wakafukuzwa. Yu Yang akaandika kwenye Weibo kwamba anaaga badminton.

Kwangu, waliopanga makundi pia wana lawama. Ukiweka mfumo wenye kupoteza kunalipa, kuna mtu atapoteza.

Lakini alirudi. 2013, Guangzhou, yeye na Wang wakawa mabingwa wa dunia tena. Rio 2016 akamaliza wa 4. Shaba ilichukuliwa na Jung Kyung-eun na mwenzake, na Jung ni mmoja wa wale Wakorea wa London!

Yu Yang alirudi kwa sababu mchezo ulikuwa wake. Mimi kozi ilichaguliwa na alama zangu, karo ikalipwa na mama. Mama bado ameweka barua yangu ya chuo kwa kabati. Msiniulize nitarudi lini. Niulizeni kama kuna kitu changu kilibaki huko.