Swingi Yangu Mbele ya Upepo wa Kusi

Anayecheza gofu Nairobi hukopeshwa yadi na hewa. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira ukiruka humo haupati upinzani kama wa Mombasa. Wanaopima mambo haya hukadiria kwamba mpira uleule, ukipigwa vilevile, hupungukiwa na karibu asilimia sita ya safari yake ukiteremshwa hadi baharini. Kwa sisi wachezaji wa wikendi, tunaoshika fimbo Jumamosi na kurudi kazini Jumatatu, maana yake ni kwamba fimbo namba saba inayofikisha mpira yadi 140 nyumbani, Pwani itauangusha karibu na 130. Habari hiyo nilikuwa nikiisikia tangu nianze kucheza. Agosti iliyopita nilifunga safari ya kwanza ya gofu kwenda Pwani ili swingi yangu ikaguliwe mahali ambapo hewa haimsitiri mtu.

Nilipanda treni ya asubuhi Syokimau. Kabla ya kuingia kituoni abiria hupanga mizigo yao chini kwa mstari, mbwa hupita wakiinusa, na mfuko wangu wa fimbo ulilala baina ya magunia na masanduku ya watu waliokuwa wakienda kuona jamaa zao. Safari ni ya saa tano hadi sita. Mtito Andei, Voi, udongo mwekundu wa Tsavo, kisha joto linaanza kukugusa shingoni kabla hujafika kituo cha Miritini. Kutoka hapo nilichukua gari, nikavuka daraja la Nyali, nikapita Mtwapa na Kikambala, mpaka mashamba ya mkonge yalipoanza kujitokeza kando ya barabara ya Malindi.

Vipingo iko kwenye mwinuko unaoitazama bahari. Uwanja wake wa gofu wa Baobab una ithibati ya PGA, chama cha wanagofu wa kulipwa cha Uingereza na Ireland, na ulichorwa na David Jones wa Ireland Kaskazini, ambaye mwenyewe alishinda Kenya Open mwaka 1989. Mibuyu imeachwa isimame, na mingine ina vigogo vinene hata watu kadhaa wakishikana mikono hawaizungushi. Hapa ndipo wanawake wa kulipwa kutoka Ulaya na kwingineko walipokuja kucheza Magical Kenya Ladies Open kwa mara ya kwanza, Desemba 2019, na Mjerumani Esther Henseleit akaibuka mshindi. Mwaka 2023 taji lilikwenda kwa Aditi Ashok wa India. Mimi ni mwanamke ninayecheza gofu, na kusimama mahali waliposimama hao kulinipa furaha ambayo sitaki kuificha.

Asubuhi ya kwanza sikuingia uwanjani. Nilikwenda moja kwa moja mahali pa mazoezi, ambako mwalimu alinitaka nipige mipira michache huku yeye amekaa kimya. Kisha akaichukua fimbo mikononi mwangu na kunirudishia, akaniambia niishike upya, polepole, mbele ya macho yake. Aliutazama mkono wangu wa kushoto kwa muda mrefu. Akausogeza kidogo kuelekea kulia, hadi nikitazama chini niweze kuona vifundo viwili vya vidole vyangu. Akakipandisha kidole kidogo cha kulia juu ya kidole cha shahada cha kushoto, mshiko ulioenezwa na Harry Vardon, yule aliyeshinda The Open mara sita kati ya 1896 na 1914, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Halafu akaniambia nilegeze. Nikalegeza. Akasema bado. Nikalegeza tena, mpaka nikaanza kuusikia uzito wa kichwa cha fimbo kule chini, kitu ambacho mikono iliyokaza haikisikii kabisa.

Nilikuwa na slaisi, kama wengi wetu. Mpira unaanza vizuri halafu unakata kulia na kupotelea kwenye nyasi ndefu. Mwalimu alinieleza chanzo chake kwa maneno machache. Mpira huanza safari kwa kufuata zaidi uelekeo wa uso wa fimbo wakati unapogongwa, na hupinda kutokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Uso ukiwa umefunguka kulia kuliko njia, mpira utapinda kulia, hata ungeomba dua. Na fimbo na mpira hugusana kwa muda mfupi mno, takriban sehemu moja kati ya elfu mbili ya sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kurekebisha chochote ndani ya muda huo. Yote yanaamuliwa kabla: mshiko, mahali pa kusimama, mabega yanakoelekea, na kiungo kipi kinaanza wakati wa kushuka. Wengi wetu tunaanza na mabega, kwa sababu tuna hamu ya kuupiga mpira. Mabega yakitangulia, fimbo inatupwa nje na kurudi ndani, na slaisi inazaliwa hapohapo. Nyonga zikitangulia, mikono inapata nafasi ya kushuka karibu na mwili.

Somo lililonibadilisha, hata hivyo, nililipata kwenye mchanga.

Kedi wangu alikuwa mzee wa Kigiriama ambaye amebeba mifuko ya watu katika viwanja vya Pwani tangu ujana wake. Nilimwamkia, naye akaniita mwanangu tangu salamu ya kwanza hadi tulipoagana. Baada ya mwalimu kuniacha, mzee alinipeleka kwenye mchanga wa mazoezi. Akachukua reki, akaigeuza, na kwa ncha ya mpini akachora mstari mnyoofu wenye urefu wa hatua mbili hivi. Hakuweka mpira.

“Simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako,” alisema. “Sasa zungusha. Mchanga uutoe mbele ya mstari, upande wa shimo. Nyuma yake usiguse.”

Nikazungusha. Alama ilibaki nyuma ya mstari, upana wa kiganja. Mzee hakusema neno, akaniashiria nisogee hatua moja kando nijaribu tena. Nilisogea hivyo mpaka mwisho wa mstari, tukaangalia pamoja alama zangu zilivyojipanga: zote nyuma. Fimbo yangu ilikuwa inafika chini kabisa kabla ya kuufikia mpira. Katika uwanja wa nyasi laini, na katika hewa nyepesi ya Nairobi, mpira unaoguswa hivyo bado unaruka kiasi cha kumridhisha mtu. Mchanga hauna huruma hiyo.

“Uzito umebaki mguu wa kulia, mwanangu. Unataka kuuinua mpira kwa mikono. Mpira huinuliwa na fimbo, imetengenezwa kwa kazi hiyo. Wewe hamia kushoto, uiache ishuke.”

Alichora mstari mwingine. Nikaanza polepole mno, nusu ya swingi, nikihakikisha uzito umefika mguu wa kushoto kabla mikono haijashuka. Alama ya kwanza ilikatisha mstari. Iliyofuata ilianza juu yake hasa na kwenda mbele, na mlio wake ulikuwa tofauti, mfupi na mkavu. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali.

Siku ya kuingia uwanjani kusi ilikuwa inavuma. Kwenye mwinuko ule haizuiwi na kitu. Mzee alikuwa akirusha majani makavu hewani, anayatazama yakienda, kisha ananipa fimbo iliyo kubwa kuliko niliyoiomba, wakati mwingine namba mbili zaidi. Kila nilipotaka kuongeza nguvu ili kushindana na upepo, alinizuia. Ukipiga kwa nguvu dhidi ya upepo, mpira huzunguka zaidi, hupanda, na upepo huushika ukiwa juu. Ukichukua fimbo kubwa na kupiga kwa utulivu, mpira hukaa chini na kwenda. Niliyashuhudia yote mawili kwenye shimo moja: wa kwanza ulisimama hewani na kuanguka karibu, wa pili ukapita chini ya matawi ya mbuyu na kukaa pembeni mwa grini. Kadi yangu siku hiyo haikuwa nzuri kuliko zile za nyumbani, ila sikumbuki raundi nyingine ambayo nilijua, kila baada ya pigo, kwa nini mpira umekwenda ulikokwenda.

Nasema haya nikiwafikiria makedi wetu pia. Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wa kulipwa wanaoheshimika zaidi Kenya, alianza kwa kubeba mifuko Mumias. Elimu ya swingi imelala kwa watu hawa, na sisi tunawatuma kutafuta mipira vichakani.

Kwa hiyo, mchezaji mwenzangu wa wikendi, kabla hujatoa fedha kununua draiva mpya, lipia saa moja ya mwalimu na umwombe aanze na mikono yako. Kisha mwombe kedi wako akuchoree mstari kwenye mchanga wa mazoezi, umlipe kwa muda huo kama unavyomlipa mwalimu. Na ukipata nafasi ya kushuka Pwani, nenda wakati wa kusi.